Kuipapasa Ardhi kwa Hisabati

Mtu aitazamaye taswira ya delta ya Rufiji iliyopigwa na setilaiti aghalabu hudhani kwamba rangi peke yake yatosha kumbainishia kilichoko chini, ilhali mikoko, minazi na mpunga uliostawi vyote ni kijani, na huenda vikashabihiana hata kompyuta ikaandika msitu mahali palipo shamba. Ndiyo sababu baadhi ya wanazuoni wakaongeza swali jingine: je, uso wa nchi hiyo ni laini au unaparuza, kama kitambaa kinavyotambulikana gizani kwa kupapaswa?

Kipimo cha mparuzo huo kimetokana na hisabati ya fraktali, jina lililotolewa mwaka 1975 na Benoit Mandelbrot, aliyekwisha kuandika mwaka 1967 juu ya pwani ya Uingereza, ambayo urefu wake huzidi kadiri rula ya kuipimia inavyofupishwa. Katika taswira, mwangaza wa kila pikseli, yaani kila kijiraba kinachoiunda picha, huchukuliwa kuwa ni kimo, picha bapa ikageuka nchi ya vilima na mabonde. Kisha nchi hiyo hufunikwa kwa visanduku vya ukubwa mmoja vikahesabiwa, halafu ubavu wa kisanduku hukatwa nusu na hesabu ikarudiwa. Uso ukiwa bapa kabisa, visanduku huongezeka mara 4, na namba yake ya fraktali ni 2. Ukiwa umekunjamana hata kuijaza nafasi yote, huongezeka mara 8, na namba ni 3. Vikiongezeka takriban mara 5.7, namba ni 2.5.

Hesabu hiyo hufanywa ndani ya dirisha dogo lisogezwalo juu ya taswira nzima, na namba zipatikanazo huambatanishwa na rangi kabla ya kompyuta kuamua. Dirisha likiwa dogo mno, pikseli hazitoshi kwa hesabu. Likiwa kubwa mno, huangukia nusu mtoni na nusu mikokoni, na mpaka kati yake ukavurugika. Tena, kwa baadhi ya njia za kukokotoa, hitilafu ndogo ndogo za chombo juu ya maji matulivu huweza kuyafanya maji hayo yaonekane yanaparuza kuliko msitu, jambo ambalo lingechekesha lau lisingeharibu ramani.

Kadhalika nyuso mbili zisizofanana zaweza kuwa na namba moja, ndipo hupimwa pia ukubwa wa mianya iliyomo. Wala isisahauliwe kwamba pikseli ya setilaiti ya Sentinel-2 ina upana wa mita 10 na ya Landsat mita 30: mnazi mmoja humezwa humo, na kipimwacho ni mparuzo wa shamba, si wa mti.

Kwa maoni yangu, namba hii ni msaidizi mwema wa rangi, lakini si mrithi wake. Msomaji aletewaye ramani ya namna hii na aulize kwanza pikseli ni ya mita ngapi, dirisha lilikuwa la ukubwa gani, na ni nani aliyepanda mtumbwi kwenda kuhakikisha.