Kiyoyozi Hakizibi Ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tuuzungumzie ufa wenyewe, ule ulioko kwenye madirisha ya ofisi za umma.

Si ajabu kuingia katika ofisi kongwe ya Dar es Salaam saa sita mchana ukakuta kiyoyozi kinanguruma, dirisha la luva halifungi sawasawa, na taa zote zinawaka ilhali jua liko utosini. Anayelipa bili ni nani? Ni wewe na mimi.

Tuelewane kwanza. Kiyoyozi hakitengenezi baridi; hutoa joto ndani na kulitupa nje. Hukausha pia unyevu, na yale maji yanayodondoka nje ya ukuta ndiyo unyevu wenyewe. Katika mji wa pwani, hewa inayopenya kwenye nyufa huja na joto na unyevu wake, mashine ikaanza kazi upya. Ni kuteka maji kwa pakacha.

Waliojenga zamani walilijua jua letu. Majengo ya enzi ya Wajerumani pale Kivukoni yana kuta nene, dari za juu na veranda pana. Veranda ile si pambo. Huzuia jua lisiguse ukuta. Ukiiziba kwa mbao ili upate chumba kimoja zaidi, umeuza kivuli ukanunua joto.

Wapo wanaosema tubomoe tujenge majumba ya vioo. Sikubaliani nao. Kule New York, jengo la Empire State, lililofunguliwa mwaka 1931, lilikarabatiwa madirisha yake yapatayo 6,500, kazi iliyokamilika mwaka 2010. Vioo havikutupwa. Vilitengenezwa upya humo humo ndani ya jengo, vikawekwa utando wa kupunguza joto linalopita. Ikiwa ghorofa 102 zimewezekana, ghorofa zetu nne zitushinde?

Lakini kazi ina mpangilio wake. Kwanza zibeni nyufa. Pili rudisheni vivuli, hasa mashariki na magharibi, ambako jua hupiga madirisha likiwa chini. Tatu badilisheni taa. Taa ndefu ya wati 36 ikipisha ya LED ya wati 18, ofisi yenye taa 300 zinazowaka saa 10 itaokoa uniti 54 kila siku. Kiyoyozi kipya kije mwisho, kwa sababu joto likishapungua, mashine ndogo inatosha. Anayeanza kwa kununua mashine hununua kubwa kuliko haja yake.

Mtaniambia bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, shida iko wapi? Umeme kuwa mwingi hakufuti bili. Na waliopitia mgawo wa mwaka 2006 na wa 2011, mabwawa yalipopungua maji, hawahitaji kukumbushwa.

Fedha inayovujia dirishani ingenunua dawa na madawati. Wakuu wa ofisi, fundi seremala yuko jirani. Mwiteni.