Mficha Maradhi, Kilio Humfichua

Wazee wetu walisema hakuna marefu yasiyo na ncha. Msemo huu haupingwi na mtu, mpaka itajwe Ikulu. Hapo kuhesabu miaka ya mkubwa hugeuka utovu wa adabu, na pengine hugeuka kesi.

Chukueni Kenya ya mwaka 1976. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa amekwisha zeeka, na kwa kuwa mwaka wake wa kuzaliwa haukujulikana kwa hakika, hata umri wake ulikuwa wa kukisia. Katiba ilisema Rais akifariki, Makamu wake ashike madaraka kwa siku 90 huku uchaguzi ukiandaliwa. Makamu huyo alikuwa Daniel arap Moi. Wapo wakubwa ambao hawakumtaka, wakaanza kuitisha mikutano wakidai kipengele hicho kibadilishwe. Ndipo mwezi Oktoba Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, alipotoa onyo: kuwaza au kunuia kifo cha Rais ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kunyongwa. Mikutano ikazimika.

Lakini mauti hayaogopi Mwanasheria Mkuu. Tarehe 22 Agosti 1978 Mzee alifariki Mombasa, Moi akaapishwa siku hiyo hiyo. Onyo lile lilifunga midomo kwa muda tu. Kilichoivusha nchi ni kipengele kilichokuwa kimeandikwa na kinachojulikana na wote.

Malawi nayo ilijaribiwa. Rais Bingu wa Mutharika, mwenye umri wa miaka 78, alianguka kwa maradhi ya moyo tarehe 5 Aprili 2012. Mwili wake ukapelekwa Afrika Kusini, na kifo kikatangazwa rasmi baada ya siku mbili. Katika siku hizo mbili baadhi ya mawaziri walikutana kutafuta njia ya kumzuia Makamu wa Rais, Joyce Banda, aliyekuwa amekwisha fukuzwa katika chama tawala. Hawakufanikiwa. Katiba ilikuwa wazi, mkuu wa jeshi aliiheshimu, na tarehe 7 Aprili mama huyo akaapishwa.

Kwa nini basi wananchi hupenda kubashiri? Si kwa roho mbaya. Mwenye duka anataka kujua kama aagize mali zaidi, na mzazi anataka kujua kama wanawe watalala salama. Penye uchaguzi wa kweli na ukomo wa mihula, watu huhesabu kura. Pasipo na mlango huo, watu huhesabu miaka, humtazama mkubwa anavyoshuka ngazi za ndege, na hutega sikio wasikie kama sauti yake inatetemeka.

Kuwakataza hakusaidii. Oktoba 2024 Rais Paul Biya wa Kameruni, akiwa na miaka 91, alikuwa hajaonekana hadharani kwa wiki kadhaa. Serikali ikapiga marufuku vyombo vya habari kujadili afya yake, na uvumi ukazidi. Mwezi huo huo alirejea nyumbani mzima, na Oktoba 2025 akatangazwa mshindi wa muhula wa nane.

Kwa hiyo wabashiri nao wajihadhari. Habib Bourguiba wa Tunisia, aliyefanywa Rais wa maisha mwaka 1975, aliondolewa Novemba 1987 kwa cheti cha madaktari kwamba hawezi tena kazi. Mzee huyo aliishi miaka 12 zaidi, akafariki mwaka 2000.

Tumwombee kila mzee umri mrefu, maana ni haki yake. Siku ya kufa aijuaye ni Mungu. Lakini mkubwa asipoamka kesho, nani atashika usukani, kwa siku ngapi, na kwa sheria ipi? Hayo si ya kumwachia Mungu. Yaandikwe mapema, yajulikane hadi sokoni, ili siku ya msiba watu walie bila hofu.