Miguu Inagoma Kupata Joto? Angalia Mwisho wa Blanketi Lako

Ni mwezi wa saba, saa nane usiku, na wewe uko Tandala, wilayani Makete. Nje umande unakaribia kuwa sakitu. Umejifunika mablanketi mawili. Kifua kiko sawa, mgongo uko sawa, ila vidole vya miguu ni kama umevitoa mtoni sasa hivi. Unajikunja, unasugua mguu kwa mguu, unasinzia kidogo, unaamka tena. Asubuhi unajiambia: nikishuka Makambako nanunua blanketi la tatu.

Subiri kwanza. Inawezekana huhitaji blanketi la tatu. Inawezekana unahitaji sindano, uzi na nusu saa. Na jambo hili si la starehe tu, kwa sababu mtu aliyeshindwa kulala kwa baridi ndiye anayeshawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani. Hilo tutalirudia mwishoni.

Blanketi halitengenezi joto

Joto lote la kitandani linatoka kwako. Mtu mzima aliyelala hutoa kama wati 70 hadi 80, karibu sawa na balbu moja ya zamani. Kazi ya blanketi ni kulichelewesha joto hilo lisitoke, na kinacholichelewesha hasa ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Hewa iliyotulia hupitisha joto vibaya sana, na hapo ndipo tunapofaidika.

Kuna mambo matatu yanayoharibu faida hiyo. La kwanza ni kugandamiza. Ukibana blanketi unene wake ukabaki nusu, joto linalopita mahali hapo huongezeka karibu mara mbili. La pili ni upenyo. Kila ukijigeuza, blanketi linafanya kazi kama mvukuto wa mhunzi: linasukuma nje hewa ya moto na kuvuta ya baridi. La tatu ni unyevu. Maji hupitisha joto kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia, ndiyo maana kulala na soksi ulizoshinda nazo shambani ni kujitafutia shida.

Sasa hebu fikiria mwisho wa blanketi, kule miguuni. Mambo yote matatu yanakutana pale pale.

Kwa nini miguu ndiyo ya kwanza kulalamika

Nyayo na vidole vina misuli kidogo, kwa hiyo vyenyewe havitengenezi joto la maana. Vinategemea joto linaloletwa na damu. Mwili ukihisi baridi, unabana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Yaani mwili unaitoa miguu sadaka kwanza.

Ndiyo maana wakati mwingine dawa ya miguu baridi ni kuvaa kofia na sweta kavu. Ukifunika kiwiliwili vizuri, mwili unaacha kubana, damu inashuka, miguu inapona.

Na usingizi unahusika moja kwa moja. Mwaka 1999 Kurt Kräuchi na wenzake wa Basel, Uswisi, walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba mishipa ya mikono na miguu inapofunguka na ngozi ya huko kupata joto, mtu hupata usingizi haraka. Kwa hiyo ukisema "siwezi kulala miguu ikiwa baridi", hudeki. Ni mwili unavyofanya kazi.

Somo kutoka kwenye machela

Watu wanaopiga kambi porini na kulala kwenye machela iliyofungwa kati ya miti miwili walilazimika kulifikiria jambo hili mapema kuliko sisi wa kitandani. Machela haina godoro la kuchomekea blanketi, na upepo unapita juu na chini. Blanketi likiteleza kidogo tu, miguu iko nje. Kwa hiyo mwisho wa blanketi lao ulibidi ujitegemee. Walichobuni kinaweza kugawanywa katika aina tatu, na zote zinafaa kujaribiwa kitandani.

*Ulio wazi.* Hili ni blanketi la kawaida unalochomeka chini ya godoro. Faida yake ni urahisi: unalifua, unalianika, mnalala wawili au watatu. Tatizo ni kwamba ukilichomeka kwa nguvu, linavutwa juu ya vidole na kugandamizwa pale pale unapohitaji unene. Usipolichomeka, mvukuto unaanza.

*Wa kamba ya kukaza.* Unashona pindo, unapitisha kamba kama ya kiunoni mwa trakisuti, unakaza usiku na kulegeza mchana. Blanketi linabaki na kazi mbili. Lakini kamba haifungi kabisa. Katikati hubaki tundu. Lizibe kwa sweta kuukuu, la sivyo baridi itaingia hapo hapo.

*Ulioshonwa.* Huu ndio wenye joto kuliko yote, lakini namna ya kushona ina maana kubwa. Unalijua gunia la viazi. Ukilishona mdomo moja kwa moja, mwisho wake unakuwa bapa. Mtu akilala chali, vidole vyake vinaelekea juu, na nyayo yenye urefu wa sentimita 25 inasukuma kitambaa. Blanketi linabanwa vidoleni, tumerudi kule kule. Kinachotakiwa ni mwisho wenye kitako, kama ndoo, ili miguu isimame bila kusukuma chochote.

Vipimo vya kumpelekea fundi

Chukua blanketi la upana wa sentimita 150 na urefu wa 200. Likunje katikati kwa urefu, liwe na upana wa 75. Shona upande ulio wazi kuanzia chini hadi sentimita 60 tu, yaani mpaka karibu na magoti. Kisha shona mwisho wa chini moja kwa moja, kama gunia.

Sasa tengeneza kitako. Vuta kila pembe ya chini iwe pembetatu, kisha shona kukatiza pembetatu hiyo mahali upana wake unapofika sentimita 30. Ukilipindua, utakuta kitako cha sentimita 45 kwa 30. Miguu miwili inaenea na nafasi ya kujigeuza ipo. Usikate zile pembe. Msimu wa joto unaweza kufumua uzi na blanketi likarudi kama lilivyokuwa.

Kitako kinakula kama sentimita 15 za urefu, kwa hiyo unabakiwa na 185. Mtu wa sentimita 170 anafika kidevuni bila shida. Wewe ni mrefu zaidi? Tafuta blanketi refu zaidi, maana ukilivuta kufunika mabega utabana vidole.

Na usikifanye kitako kikubwa mno. Nafasi kubwa inaruhusu hewa kuzunguka, na hewa inayozunguka inabeba joto na kuondoka nalo.

Mnaolala wawili, au watoto wanaoshiriki kitanda, bakini na ule ulio wazi, ila ongezeni kitambaa kizito upande wa miguuni na kuuchomeka kwa kulegea. Mtoto mchanga asiwekwe kabisa ndani ya blanketi la mfuko. Anaweza kuteleza ndani na kukosa hewa.

Chupa ya maji moto

Lita moja na nusu ya maji ikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 30 inatoa kama kilojuli 190. Ukizigawa kwa saa tatu, ni wastani wa wati 17, msaada mkubwa kwa miguu iliyokwisha kubanwa na baridi. Iweke dakika 15 kabla ya kupanda kitandani, ifungwe vizuri na kuvikwa soksi nzito. Usitumie chupa nyepesi ya maji ya dukani. Ukiijaza maji yanayochemka inasinyaa na inaweza kuvuja. Tumia chupa ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Bibi au babu mwenye kisukari aitoe kabla ya kuingiza miguu, kwa sababu nyayo zisizohisi vizuri huungua bila mwenyewe kujua.

Jiko libaki nje

Mkaa unapowaka chumbani hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na makaa mekundu yasiyotoa moshi bado yanaitoa. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala anaweza asiamke. Ukikuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe kwenye hewa safi na umwahishe hospitali.

Huna haja ya kuanza na fundi. Usiku wa leo chukua vibanio vya nguo, kunja blanketi kama tulivyoeleza, bana upande na mwisho wake, vibanio vikiwa nje visikuchome. Lala nalo. Ukiamka asubuhi hukumbuki miguu yako ilikuwa wapi, mpelekee fundi cherehani.