Bibi Anaposimama Njiani

Wajukuu zangu, sogeeni. Leo nawasimulia habari za moyo.

Mnawajua akina mama wa Towelo na Choma, wanaoshuka milima ya Uluguru na ndizi kichwani hadi soko la Chifu Kingalu, mjini Morogoro. Tuseme kati yao yumo bibi aliyeizoea njia hiyo tangu usichana wake. Mwaka huu, akipanda kurudi nyumbani, anasimama kila hatua chache, anahema, anashika kifua. Siku moja akaanguka na kuzimia. Majirani wakasema, "Uzee huo." Je, ni uzee tu?

Moyo una vali nne, nazo huruhusu damu ipite upande mmoja tu. Vali ya aota ndiyo lango la kutokea: damu yote iendayo mwilini hupita hapo. Ikiwa nzima, hufunguka sentimita za mraba 3 hadi 4. Kwa baadhi ya wazee, madini ya kalisi huigandia miaka mingi, ikakakamaa. Nafasi ikipungua chini ya sentimita 1 ya mraba, moyo husukuma kwa nguvu zote, lakini damu haitoshi, hasa mtu akipanda mlima.

Dawa za kumeza hupunguza taabu tu. Vali hubaki vilevile. Zamani tiba ilikuwa kupasua kifua na kuweka vali mpya. Wazee wengi dhaifu wasingeistahimili, wakaachwa bila tiba.

Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier alimtibu mgonjwa ambaye hangeweza kupasuliwa. Vali iliyotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe ilikunjwa, ikapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, ikatanuliwa ndani ya ile ya zamani. Kifua hakikufunguliwa. Tangu hapo, wazee wengi duniani wametibiwa hivyo.

Sisi tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2015. Lakini safari huanzia karibu: daktari husikiliza kifua, akisikia mvumo asiouelewa huagiza kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Basi, mkimwona bibi au babu anasimama-simama njiani, msimcheke wala kumharakisha. Mpokeeni mzigo, kisha waambieni wazazi wampeleke hospitali mapema. Uzee si sababu ya kumnyima mtu tiba.