Damu ilisema ndiyo, nyama ikasema hapana

Mwaka nilipokuwa naandika TFE yangu juu ya ufugaji wa nguruwe, nilifuatana na timu iliyokuwa inatoa damu ya nguruwe katika vijiji fulani vya Kivu ya Kusini. Mama mmoja alikuwa na nguruwe moja tu ya kuuza, na hiyo njo ilikuwa minervali ya watoto wawili. Matokeo yakarudi kutoka labo: positif. Mimi mwenyewe nikaenda kumwambia, na kifua mbele sawa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho: «Mama, nguruwe yako iko na mbegu za tenia ndani ya nyama.»

Kesho yake kijiji kizima kilijua. Mnunuzi akakimbia. Mama akachinja mwenyewe, akaniita nije kuonyesha hizo mbegu. Tulikata ulimi, moyo, misuli ya mapaja, diaframu, vipande vyembamba vyembamba. Hakuna kitu. Siwezi kuapa kama hatukuruka hata moja, lakini pale kwenye utando wa mafuta unaofunika matumbo, karibu na maini, kulikuwa kunaning'inia kifuko kimoja cha maji, kikubwa kuliko yai la njiwa.

Veterinere aliyekuwa nasi akacheka kidogo: «Hii ni ya mbwa.»

Tenia hawako wa aina moja. *Taenia solium* anakaa ndani ya tumbo la mtu. Mayai yake yanatoka na choo, nguruwe anayezurura anayala, na watoto wa mnyoo wanajifunga ndani ya misuli, sawa punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tenia. Akimeza mayai yenyewe, kwa mikono michafu ao maji, watoto wa mnyoo wanaweza kupanda mpaka kwenye ubongo, na hapo kifafa kinaanza. Huyo njo tunatafuta. *Taenia hydatigena* yeye anakaa ndani ya mbwa, na watoto wake wanajenga vifuko kwenye maini na utando wa matumbo ya mbuzi, kondoo na nguruwe. Mtu hana hasara naye. Pale kwetu tukichinja mbuzi, matumbo mabaya tunatupia mbwa, basi mzunguko unaendelea.

Sasa teste inakosea wapi? Mnyoo akiwa hai ndani ya nyama, anatema vitu vyake ndani ya damu ya mnyama. Hivyo tunaviita antijeni. Teste iko na antikori zilizotengenezwa ili zikamate antijeni hizo, sawa ndoano. Lakini ndoano haisomi jina la mnyoo, inashika umbo tu. Na hawa tenia ni ndugu wa ukoo mmoja, wanarithi maumbo yaleyale. Antikori zinazotumiwa sana kwa teste hii zilitengenezwa Antwerp, na mwanzoni zilikuwa za *Taenia saginata*, tenia wa ng'ombe! Zinashika *solium* vizuri juu ya huo undugu, na kwa sababu ileile zinashika *hydatigena*. Kwa hiyo «positif» kwa nguruwe ilikuwa inasema tu: kuna mtoto wa tenia hai humu. Jina, niliongeza mimi.

Kwa watu jambo hili linaweza kuua. Kadi ya teste ya mnyoo wa matende, *Wuchereria bancrofti*, inaweza kutoa mstari kwa mtu mwenye *Loa loa* wengi sana, yule mnyoo anayeonekana akipita kwenye jicho. *Loa loa* iko hapa Kongo: Ituri, Uele, Mayombe. Ukisoma mstari ule kama matende, utaleta ivermectin kwa kijiji kizima. Kumbe mtu mwenye *Loa loa* wengi mno ndani ya damu akimeza ivermectin anaweza kuanguka koma. Njo maana kwenye maeneo hayo OMS ilishauri albendazole peke yake mara mbili kwa mwaka, bila ivermectin.

Wengine watasema basi tuache teste, tufungue ulimi wa nguruwe na kuangalia sawa wazee. Hapana. Ulimi ukionyesha mbegu, unaweza kuamini, lakini nguruwe mwenye mbegu chache atapita bila kuonekana, na hiyo nyama itafika kwenye sahani yako. Teste ya damu inafaa kuhesabu ugonjwa katika eneo, kama pia unafungua nguruwe kadhaa kujua *hydatigena* iko kiasi gani pale. Kuhukumu nguruwe moja ya mama mmoja, haifai peke yake.

Kwenye TFE nilibadilisha kichwa cha kolone: palipokuwa «wagonjwa wa *T. solium*» nikaandika «positif kwa antijeni za Taenia». Mwalimu aliuliza kwa nini ninapunguza nguvu ya matokeo yangu.

Nyama tuliuza nusu bei. Nilichangia kidogo kwa minervali, si yote. Mama amepata nguruwe ingine sasa, na nikipita pale ananisalimia vizuri, ila anaangalia kwanza kama nimebeba sirinji.