Wasifu wa Falsafa Haupigwi Chapa Kama wa Mjengo

Ingia saiba yoyote Dandora, Phase One hadi Phase Five, utapewa wasifu ule ule: nambari ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa, na mwishoni "napenda kuogelea na kusafiri". Kuogelea wapi, msee, na mto wetu ni huu wa Nairobi? Wasifu huo unaweza kukupa kazi ya dukani. Lakini kama una digrii ya falsafa na unataka kufundisha chuoni, wenye kuajiri hawataona lolote la kuwasaidia kukuchagua.

Kwanza jua mlango. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya kuajiri wahadhiri mwaka 2014, na vilitaka shahada ya uzamifu. Ukiwa na uzamili pekee, omba nafasi za chini ya hapo huku ukiendelea kusoma.

Sasa andika. Sahau ile sheria ya ukurasa mmoja; wa chuo huwa mrefu, mradi kila mstari una kazi. Anza na elimu: shahada, mwaka, kichwa cha tasnifu na jina la msimamizi. Kisha sema unabobea wapi. Taja eneo moja au mawili, kwa sababu ukitaja kumi utaulizwa yote kumi. Halafu orodhesha kozi unazoweza kufundisha mwaka wa kwanza, mfano mantiki na maadili. Idara nyingi hutafuta mtu wa kuzibeba.

Machapisho ndiyo nyama. Tenga makala yaliyopitiwa na wataalamu na yale ya magazeti au blogu. Usichanganye, wakikushika hapo imani imeisha. Jihadhari pia na majarida yanayokuomba pesa na kukuchapisha kwa wiki moja. Hapa kwetu tuna Thought and Practice la Chama cha Falsafa cha Kenya, lililoanza 1974.

Utasema huna cha kuandika. Hebu mwangalie Henry Odera Oruka (1944–1995), aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alienda kwa wazee wenye hekima vijijini, akawauliza maswali magumu kuhusu Mungu, haki na kifo, akarekodi majibu. Kazi hiyo ikawa kitabu Sage Philosophy mwaka 1990, na hadi leo inajadiliwa ng'ambo.

Mtaani kwako kuna mama anayeamua kesi za ploti na watu wanamtii. Kwa nini wanamtii? Hilo ni swali la falsafa. Pata kibali cha utafiti, muombe ruhusa, mrekodi, andika. Wasilisha kwenye kongamano, rekebisha, tuma kwa jarida. Hapo umepata mistari miwili ya wasifu ambayo saiba haiwezi kukuuzia.

Malizia na wadhamini watatu wanaokujua kimasomo. Waambie mapema, si wapigiwe simu wakiwa wanauliza "huyu ni nani?" Toa dini, ndoa na kitambulisho, isipokuwa tangazo limevitaka.

Ukweli ni kwamba nafasi ni chache, na wengi huanza kwa vibarua vya kufundisha kwa muda, malipo yakichelewa. Ndiyo maana hufai kuangushwa na karatasi. Fungua faili mpya leo, andika kichwa cha tasnifu yako juu, uanzie hapo.