Mtoto Aagwe Mlangoni mwa Skuli

Kila mwaka zinapofunguliwa skuli zetu, milango ya madarasa ya maandalizi hujaa vilio. Jambo hilo halina ajabu. Mtoto wa miaka minne, aliyezoea mgongo wa bibi yake na ua wa nyumba yao, hutiwa mara moja mikononi mwa mtu asiyemjua, katikati ya wenziwe wanaolia vile vile. Cha ajabu ni hila tunayoitumia sisi wazee. Mama humwambia mwanawe, "Naenda kukununulia andazi, narudi sasa hivi," kisha hatoki tena machoni hadi adhuhuri.

Hila hiyo husaidia siku moja tu. Siku ya pili mtoto huing'ang'ania kanga ya mama tangu nyumbani, kwa kuwa keshajua kwamba akigeuka kidogo ataachwa. Hapo haogopi skuli, aogopa kudanganywa. Basi na aagwe, ijapokuwa atalia. Aambiwe atafuatwa wakati gani kwa kipimo anachokijua yeye, baada ya uji au baada ya mchezo, kwani saa sita haina maana kwake. Na ahadi hiyo itimizwe.

Twatambua kuwa si kila mzee ana wasaa. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, akina mama wengi hulima mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989. Siku za bamvua maji hupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi, na yakishajaa kazi haiwezekani tena. Bamvua likiangukia wiki ya kufungua skuli, mama huyo hawezi kukaa darasani hata nusu saa. Kumlaumu ni dhulma. Lakini bamvua hujulikana mapema, na mwalimu mkuu aweza kupatana na wazee kwamba watoto hao waanze siku za maji mafu, au waletwe na bibi zao.

Chuoni, mtoto mdogo aghalabu hakupelekwa peke yake. Alikaa ubavuni mwa kaka yake mpaka akazoea sauti za wenziwe. Leo zipo skuli ambamo maandalizi na msingi zimo katika uwanja mmoja. Kwa nini basi kaka wa darasa la tatu asiruhusiwe kukaa na mdogo wake saa ile ya kwanza?

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima. Kwa hiyo suala hili ni la Serikali pia, wala halikuachiwa huruma ya mwalimu mmoja mmoja. Afisa wa elimu wa wilaya asitosheke na hesabu ya walioandikishwa siku ya kwanza, bali aulize wangapi walirudi siku ya tano. Nao walimu wakuu wanaofunga lango asubuhi na kuwazuia wazee wasiingie, wiki hiyo ya mwanzo waliache wazi.